Hodi na Futi: Kipimo cha Ukaribu katika Kitabu cha Edward Hall na katika Adabu ya Pwani

Mwaka 1966 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Edward T. Hall, alitoa kitabu kiitwacho The Hidden Dimension, jina ambalo kwa Kiswahili lingeweza kuwa Kipimo Kilichofichika. Dai lake kuu ni kwamba kila mtu hutembea na eneo lake lisiloonekana, na kwamba namna watu wanavyogawana maeneo hayo wanapozungumza ni lugha kamili, inayofunzwa utotoni bila ya mwalimu na kusemwa bila ya ulimi. Elimu hiyo aliipa jina la proksemiki. Hall alizaliwa 1914 na kufariki 2009, na katika yote aliyoyaandika kilichosafiri zaidi ni jedwali lake la masafa manne. Hadi sentimita 46, alisema, ni masafa ya undani, ya wapenzi, ya mama na mwanawe, na ya watu wanaopigana. Kutoka hapo hadi sentimita 122 ni masafa ya mtu binafsi. Kutoka hapo hadi mita 3.7 hivi ni masafa ya shughuli za kijamii. Baada ya hapo ni hadhara, anakosimama mwenye kuhutubu.

Jedwali hilo linanakiliwa mpaka leo katika vitabu vya kufundishia mawasiliano, biashara na utalii, mara nyingi bila ya jina la mwenyewe, kama futi ya fundi iliyosahauliwa juu ya cherehani na kila mpita njia akaokota na kupimia nguo yake. Makala haya yanakusudia kulisoma kama linavyosomwa shairi, yaani kwa kuuliza nani anasema, anamwambia nani, na amesimama wapi anaposema.

Kwanza apewe haki yake. Hall alieleza wazi kwamba vipimo vyake vilitokana na kuwatazama na kuwahoji watu wazima wenye afya, wa tabaka la kati, wengi wao wenyeji wa pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, na alitahadharisha visichukuliwe kuwa ndiyo tabia ya wanadamu wote. Sura zake juu ya Wajerumani, Waingereza, Wafaransa, Wajapani na Waarabu ziliandikwa ili kuonyesha kuwa futi hiyo haipimi kila mahali. Tena ni msimulizi mzuri. Anaeleza habari za mhariri mmoja wa gazeti, Mjerumani aliyehamia Marekani, ambaye alikikaza sakafuni kwa parafujo kiti cha wageni wake, kwa sababu hakuweza kuvumilia desturi ya Wamarekani ya kukivuta kiti na kukisogeza watakapo. Kisa hicho kifupi kina mengi kuliko jedwali zima. Mna mwenyeji na mgeni, na mna suala la nani kati yao mwenye haki ya kukisogeza kiti.

Kwa bahati mbaya, suala hilo Hall hakulifuata. Wazo la msingi alilitwaa kwa Heini Hediger, mtaalamu wa wanyama wa Uswisi, aliyechunguza mnyama humwachia adui asogee kiasi gani kabla ya kukimbia, na akibanwa husimama umbali gani kabla ya kugeuka na kushambulia. Ni uchunguzi wa thamani, na nguvu ya kitabu imetoka humo. Udhaifu wake pia umetoka humo. Mnyama hukimbia au hushambulia, lakini hapigi hodi. Kipimo kilichoanzia kwa mnyama kinaweza kuonyesha mwili unapostuka, ila hakina mahali pa kuandika ombi, wala jibu la ombi.

Mfasiri anayejaribu kulitia jedwali hili katika Kiswahili hukutana na tatizo hilo tangu neno la kwanza, kwani neno la kupimia ni "karibu". Karibu ni mahali, kama inavyosemwa kuwa nyumba iko karibu na msikiti. Ni wakati, kama inavyosemwa karibu saa nne, na ni kadiri, kama inavyosemwa karibu watu mia. Juu ya yote hayo, ni neno la mwenye nyumba anapomjibu aliye mlangoni. Mwenye kulifasiri kwa neno la lugha nyingine lenye maana ya makaribisho tu, amelivua nusu ya nguo yake, kwani mwenyeji wa Pwani anapokaribisha anataja umbali na papo hapo anauondoa.

Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, lakini Waarabu hawakaribishi kwa neno hilo. Wao husema marhaba, na mzizi wake ni upana na nafasi, kana kwamba mwenyeji anamwambia mgeni kuwa hapa pana wasaa, hutabanwa. Mwarabu humpa mgeni wake upana, na Mswahili humpa ukaribu, kila mmoja kwa neno lililotoka katika lugha ile ile. Marhaba nayo ilivuka bahari ikawa marahaba, lakini haikukaa mlangoni. Ilikwenda kukaa kinywani mwa mkubwa anayeitikia shikamoo. Na shikamoo, kama inavyoelezwa kwa kawaida, ni kushika miguu. Kwa hiyo mtoto anayepita kichochoroni humshika miguu bibi aliyeketi kizingitini bila ya kumgusa, na bibi humjibu kwa upana. Kugusana kumegeuzwa neno, na nafasi imegeuzwa neno. Futi ya Hall ingepima hapo mita mbili, masafa ya shughuli za kijamii. Isingeandika kwamba miguu imeshikwa.

Adabu hii ina shina katika dini. Aya ya 27 na ya 28 za Suratun-Nur zinawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na zinaagiza kwamba akiambiwa mtu rudi, basi na arudi. Aya ya 58 ya sura hiyo inataja nyakati tatu za siku ambazo hata watoto na watumishi wa nyumbani huomba ruhusa kabla ya kuingia. Mafunzo ya Mtume yakaongeza kuwa ruhusa huombwa mara tatu, na asiyejibiwa hurejea alikotoka. Hodi ya Pwani ni mtoto wa mafunzo hayo. Lililo muhimu kwa mjadala huu ni kwamba hodi haitaji masafa yoyote. Inasema tu kwamba umbali wa baina ya watu wawili haujulikani mpaka mmoja aulize na mwingine ajibu, na kwamba hata kunyamaza ni jibu.

Wajenzi waliitia adabu hiyo katika mawe. Nyumba ya kale ya Lamu ina daka mbele ya mlango, lenye viti vya mawe, na hapo husimama mgeni wa njiani. Baada ya daka mna tekani, kisha kiwanda kilicho wazi kwa juu, kisha msana wa tini na msana wa yuu, na mwisho ndani. Mtu anayetoka njiani haoni kiwanda, kwa sababu njia ya kuingilia imepindishwa kusudi jicho lisitangulie mguu. Palipohitajika, wikio lilijengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, ili wanawake wa ukoo mmoja watembeleane bila ya kushuka njiani. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001, na hapana shaka ni jambo la heri kuwa kuta na milango imepata mlinzi. Lakini anayesimama kwenye daka na kuchungulia ndani na kamera yake, kwa kuwa mlango umeachwa wazi kwa ajili ya upepo, anaheshimu mlango na kuvunja hodi. Kwa jedwali la Hall hana kosa, maana yuko mita nne kutoka kwa mwenye nyumba.

Katika miji kama hiyo futi zenyewe hazipatikani. Vichochoro vingine ni vya mtu na punda wake, na wapitanao hugusana mabega wakitaka wasitake. Ndiyo maana msamiati wa Pwani kuhusu faragha haukusimama juu ya umbali, bali juu ya kufunika: sitara, stara, kujitanda, kuteremsha pazia, kuinamisha macho, kukohoa kabla ya kukunja kona. Mtu husitiriwa, na hata dua ya kumwombea mwenziwe heri ni kuomba Mungu amsitiri. Waliobanana nyua zao wanahitaji sitara kuliko wanavyohitaji mita, na wanajua kwamba vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana.

Mfano ulio bora ni sinia. Watu watano huketi kuizunguka, magoti yakigusana, na mikono mitano huingia katika chombo kimoja. Kwa futi hayo ni masafa ya undani, ya wapenzi na ya wagomvi. Hata hivyo, katika sinia mna mipaka isiyochorwa, kwani mafunzo yanamtaka mlaji ale kwa mkono wa kulia na ale kilicho mbele yake. Mtoto anayepeleka mkono upande wa mwenziwe hukatazwa kwa jicho tu. Nyama iliyo katikati haina mwenyewe mpaka mkubwa aigawe. Kila mlaji ana eneo lake ndani ya ukaribu huo, ila eneo hilo halikuanzia kwenye ngozi yake. Limegawanywa na adabu, na kesho mahali pengine litagawanywa upya.

Barazani ni vivyo hivyo. Aya ya 11 ya Suratul-Mujadala inawaamrisha watu wanapoambiwa wafanye nafasi katika vikao, wafanye nafasi. Anayefika baraza iliyojaa hutoa salamu, na walioketi husogea. Ukumbini mwa taarabu umbali hugeuka kuwa ushairi kabisa. Mwanamke huinuka kwenda kumtunza mwimbaji, lakini hainuki kila ubeti. Anangoja mshororo wake, kisha anaukata ukumbi kwa mwendo wa pole, noti iko juu, na njiani anapita mbele ya kiti cha yule aliyekusudiwa. Hasemi neno na hamgusi mtu, na wanaojua wameelewa. Urefu wa ukumbi ule, kutoka kiti chake hadi kwa mwimbaji, ndio uliobeba maneno.

Kwa mizani hiyo irejewe sura ya Hall juu ya Waarabu, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na watu wa mwambao. Anasimulia kwamba alikuwa ameketi peke yake katika ukumbi wa hoteli mjini Washington, mtu asiyemjua akaja kusimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake, na baadaye akatambua kuwa alikuwa Mwarabu. Rafiki yake, naye Mwarabu, alimweleza kuwa mahali pa watu wote ni pa watu wote. Kutokana na visa kama hivyo Hall alijenga picha ya watu wanaopenda kugusana hadharani, wanaoona kumnyima rafiki pumzi zako ni kumwonea haya, na ambao wakitaka kuwa peke yao huacha kusema tu. Yapo ya kweli humo, na hilo la mwisho ni uoni wa kishairi. Mwaka ule ule wa 1966 O. Michael Watson na Theodore Graves walichapisha uchunguzi uliompa nguvu: wanafunzi 16 wa Kiarabu na 16 wa Kimarekani, ambapo Waarabu walikaa karibu zaidi, wakatazamana zaidi, wakagusana zaidi na kusema kwa sauti ya juu zaidi. Wote thelathini na wawili walikuwa wanaume.

Mwaka 2017 ulitoka uchunguzi mpana zaidi, wa Agnieszka Sorokowska na wenzake, kwa watu 8,943 wa nchi 42. Kila mmoja alipewa mchoro wa watu wawili juu ya mstari wa sentimita 0 hadi 220, akatakiwa atie alama pale ambapo angependa asimame mtu asiyemjua, mtu anayefahamiana naye, na mtu wake wa moyoni. Saudi Arabia ilitokea miongoni mwa nchi ambazo watu wake walitaka asiyejulikana asimame mbali kabisa, na Argentina ikawa ndiyo inayomwachia asogee kuliko zote. Atakayeshikilia jedwali atasema mmoja kati ya Hall na uchunguzi huu amekosea. Lakini mtu mmoja aweza kubanwa mabega sokoni asiseme kitu, kisha akajenga ukuta mrefu kuizunguka nyumba yake, na asione mgongano wowote. Sokoni hakuna wa kuombwa ruhusa, na nyumbani yupo. Mchoro wa karatasi haukuwa na soko wala mlango.

Mwaka 2020 futi ilitoka vitabuni ikaja mitaani. Mwezi wa Machi Shirika la Afya Duniani lilikuwa likishauri angalau mita moja baina ya mtu na mtu, na mwezi huo huo wakuu wake wakaanza kupendelea kusema umbali wa kimwili badala ya umbali wa kijamii, kwa kutambua kuwa neno la pili linaashiria kutengana kwa nyoyo. Katika Msikiti Mtukufu wa Makka safu za sala, ambazo sheria yake ni bega kwa bega, ziliachanishwa, na hazikuungana tena mpaka Oktoba 2021, alama zilipobanduliwa sakafuni. Mita ile ilitoka kwa maradhi, haikutoka kwa mila, na ilistahili kutiiwa. Lakini ilidhihirisha jambo: mkono ulipozuiwa, ulirudishwa kifuani, na salamu ikaendelea. Lugha iliyokwisha jifunza kushika miguu kwa neno haikupata taabu kubwa kushika mkono kwa neno.

Mpaka hapa mtu wa Pwani anaweza kuridhika na kufunga kitabu. Haifai afanye hivyo, kwa sababu hoja ya ruhusa inamgeukia mwenyewe. Ikiwa kipimo cha ukaribu ni hodi, basi lazima iulizwe hodi hiyo hupigwa kwa nani.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni miongoni mwa tungo kubwa za Kiswahili kuhusu masafa, ingawa haukuzoeleka kusomwa hivyo. Mama mgonjwa, ambaye maradhi yake yametimiza mwaka, anamuusia bintiye. Mume akilala, mke asimwamshe wala asipandishe sauti, na asiondoke mahali pake, ili akiamka asihangaike kumtafuta. Amhudumie mwili kwa mikono yake. Akitaka kutoka aombe ruhusa, na akiwa njiani asizungumze, asifunue shiraa, atazame chini, uso wake uwe na haya, kisha arejee upesi. Wako wahakiki waliousoma utendi huu kama utii mtupu, na wako waliosikia ndani yake kejeli ya mwanamke mwenye akili nyingi. Vyovyote iwavyo, mwendo wa ruhusa ndani yake ni wa upande mmoja. Mke huomba ruhusa ya kwenda mbali. Hakuna mahali ambapo mume anaomba ruhusa ya kusogea.

Hilo halikubaki katika karne ya kumi na tisa. Baraza ile ile inayomfanyia nafasi mwanamume aliyefika, humpunguzia njia msichana anayepita mbele yake. Macho yote yanapita juu yake, na aliyefunzwa kuinamisha macho ni yeye. Ndani ya daladala iliyojaa, ambako konda huwahimiza abiria wasogee, wapo wanaoufanya msongamano kuwa kisingizio, na mwanamke anayelalamika huambiwa apande teksi. Kauli hiyo ni sawa na ya yule rafiki wa Hall: mahali pa watu wote ni pa watu wote. Hapa futi ingemfaa mwanamke huyo kuliko sifa zote za ukarimu wa Kiswahili, na ni haki kukiri kwamba Wamarekani wa Hall, pamoja na ubaridi wao, waliupa mwili mpaka ambao mtu anaweza kuudai bila ya kueleza ni binti ya nani.

Dosari, basi, imegawanyika pande mbili. Hall aliuona mwili na duara lake, akaacha swali na jibu. Pwani ililipa swali na jibu ustadi mkubwa, ikaliweka mlangoni, na mara nyingi ikaliacha hapo hapo. Anayebisha hodi mara tatu mbele ya nyumba ya jirani hukaa kitako na mwenziwe garini bila ya kumpigia hata moja.

Katika hilo utendi wenyewe una la kufundisha. Kabla ya wasia wowote, neno lake la kwanza kabisa ni la kumwita binti asogee. Kisha anaombwa alete wino na karatasi, na ndipo mama aanze kusema. Sheria zote zile za kukaa mbali na kukaa karibu zilisemwa na watu wawili waliokwisha sogeleana, mmoja akiita na mmoja akiitika. Kitabu cha Hall kinastahili kusomwa, hasa sura za visa, na msomaji wa Pwani akifika kwenye kile kiti kilichokazwa kwa parafujo atulie kidogo, kwani hapo ndipo mwandishi alipolikaribia jambo lenyewe. Jedwali lake lifaalo ni kuachiwa wapimaji wa samani. Washairi nao, ambao wameisifu hodi ya nyumba kwa beti nyingi, wana deni la kuitungia hodi ya mwili, ya barazani na ya garini, kwa maneno ambayo konda na abiria wake wataweza kuyakumbuka.